Nyanya Cheri Mpya: Ijaribu Kando ya Ile Unayoijua

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nimepata mbegu mpya ya nyanya cheri, nitajuaje kama ni nzuri? Tumechagua barua saba. Swali la kwanza tumelijibu kwa urefu, kwa sababu asiyelipata hilo vizuri hata majibu mengine hayatamsaidia sana.

Nimenunua pakiti ya nyanya cheri chotara yenye mbegu 15. Muuzaji anasema inazaa kuliko zote. Sina shamba, nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba na ndoo tupu za rangi. Nifanyeje nijue kweli kama inanifaa kabla sijainunua tena? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Itafutie mwenza. Ukiipanda mbegu mpya peke yake ukavuna vizuri, hutajua kama sifa ni ya mbegu, ya samadi au ya hali ya hewa ya msimu huo. Ukivuna vibaya, ni vilevile. Kila mche wa mbegu mpya uwe na jirani wa aina unayoijua, yote miwili iwe imesiwa siku moja, iko kwenye udongo mmoja, na inanyweshwa kwa kopo moja.

Mwenza anayefaa zaidi ni nyanya cheri nyingine uliyowahi kuipanda. Kama huna, nyanya kubwa ya kawaida kama Tanya au Tengeru 97 itakuonyesha tofauti upande wa magonjwa, uvumilivu wa joto na nguvu ya mmea. Kwa mavuno usiitumie. Nyanya cheri moja ina gramu 10 hadi 25 tu, kwa hiyo ukihesabu matunda utaisifia cheri bure, na ukipima kilo utaionea.

Panda miche 6 ya aina mpya na 6 ya zamani. Mche mmoja kwa mmoja haitoshi, maana panya akikata mmoja jaribio limekwisha. Panga ndoo jozi jozi, moja ya mpya na moja ya zamani. Kwa kila jozi rusha sarafu kuamua ipi ikae kushoto. Unaweza kuona ni mchezo, lakini sivyo: ukuta wa nyumba hutema joto mchana, na mwembe wa jirani hutia kivuli asubuhi. Ukiziweka mpya zote upande wa ukuta, utakuwa umepima ukuta.

Ndoo ziwe za lita 20. Zilizokuwa na rangi ya maji zisugue kwa sabuni na brashi hadi zitakate; zilizobeba rangi ya mafuta au dawa ziache. Toboa matundu 8 hadi 10 ya upana wa sentimita moja chini na pembeni karibu na kitako. Ndoo nyeupe ni bora kuliko nyeusi, kwani kwenye jua la Dar nyeusi huchemsha mizizi. Changanya ndoo 2 za udongo wa juu, ndoo 1 ya samadi iliyoiva na ndoo 1 ya pumba za mpunga zilizochomwa nusu. Samadi iliyoiva haina harufu kali na haitoi joto ukiingiza mkono. Changanya udongo wote kwa mkupuo mmoja kisha ugawe, usichanganye ndoo moja moja. Udongo usitoke mahali palipopandwa nyanya, bilinganya, viazi mviringo au pilipili.

Siku ya kupandikiza weka mbolea ya DAP kifuniko kimoja cha soda, ambacho ni kama gramu 5, ukiifunika kwa udongo kidogo ili isiguse mizizi. Baada ya wiki mbili anza mbolea ya NPK 17:17:17, kifuniko kimoja kila wiki mbili, ukiizungushia sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye shina. Ukikosea ukaweka zaidi, kosea sawasawa kwenye ndoo zote 12.

Andika namba kwenye kila ndoo. Vibao vya plastiki viandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu ya rangi hufutwa na jua kabla ya mavuno. Kwenye daftari weka tarehe ya kusia, kuota, kupandikiza, ua la kwanza kufunguka na tunda la kwanza kuiva. Kila unapochuma, pima kwa mizani ya jikoni na andika safu mbili: gramu za matunda mazima, na gramu za yaliyopasuka au kuoza. Safu hiyo ya pili ndiyo watu huiacha, na mara nyingi ndiyo inayotoa hukumu.

Mche wa nyanya cheri uliotunzwa vizuri kwenye ndoo huweza kutoa kilo 2 hadi 4 katika miezi miwili ya kuchuma. Usifunge hesabu baada ya wiki ya tatu. Kuna aina zinazotoa kwa fujo mwanzoni kisha zikachoka, na nyingine huanza kwa kusuasua lakini bado zinachumwa wakati zile zimekauka. Ipi bora? Inategemea unataka nyanya nyingi kwa pamoja au kibakuli kimoja kila siku tatu.

Nilisia mbegu 15, baada ya siku 12 zimeota 6 tu, na mbili kati ya hizo zimeanguka kama zimekatwa shingo. Mbegu ni mbovu? (Msomaji, Njombe)

Umesia mwezi gani? Njombe ya Juni si mahali pa kuhukumia mbegu ya nyanya nje ya nyumba. Kwenye udongo wa nyuzi 25 mbegu huota kwa siku 6 hivi, kwenye nyuzi 15 huchukua wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 huweza kupita mwezi mzima, kama haijaoza. Zilizobaki huenda bado zinajikongoja, hivyo usimwage udongo huo kwa sasa.

Mbegu chotara ni ghali, kwa hiyo kwenye baridi zioteshe ndani. Lowesha karatasi laini ya jikoni, ikamue isidondoke maji, panga mbegu, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki na uweke karibu na jiko mahali panapovumilika kwa mkono. Kikitokea kimzizi cheupe cha milimita 2 au 3, hamishia kwenye trei kwa kibanio au ncha ya kijiti kilicholowa, kina cha nusu sentimita. Mara kijani kikichomoza, peleka kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Mche uliokaa siku mbili gizani hurefuka kama uzi na haurudi kuwa imara.

Hiyo miwili iliyoanguka ina kinyausi. Angalia pale shina linapogusa udongo: pamesinyaa, pamekuwa kahawia na laini kama kamba iliyolowa, huku majani juu bado mabichi. Husababishwa na vimelea vya ukungu wa udongoni vinavyopenda maji mengi na hewa isiyopita. Udongo wa kitalu uchome au umwagie maji yanayochemka siku moja kabla, mwagilia asubuhi tu, na uache uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Mche ulioanguka hauponi. Ung'oe na udongo wake.

Mwenza je, aliota? Kama aina yako ya zamani imeota vizuri kwenye trei hiyo hiyo, una haki ya kurudi dukani na pakiti. Ndiyo maana pakiti isitupwe: ina namba ya fungu, tarehe ya kupimwa uotaji na lebo ya TOSCI, taasisi ya Tanzania inayothibitisha ubora wa mbegu.

Nyanya cheri yangu mpya ni tamu, lakini ikinyesha tu inapasuka. Ile ya zamani haipasuki hivyo. Ni ugonjwa? (Msomaji, Moshi)

Si ugonjwa. Mmea uliokaa na kiu hunywa maji mengi kwa ghafla, tunda linajaa haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka, na ganda linaachia, mara nyingi kuanzia kwenye kikonyo kushuka chini. Aina zenye ganda jembamba hupasuka zaidi, na nyingi kati ya zile tamu sana zina ganda jembamba. Sungold, chotara ya rangi ya chungwa iliyotoka kampuni ya Tokita ya Japani, inapendwa duniani kwa utamu wake na inajulikana vilevile kwa kupasuka.

Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5, mwagilia kila asubuhi kiasi kile kile badala ya kufurisha kila siku ya tatu, na mawingu yakijikusanya, chuma matunda yote yaliyoanza kubadilika rangi. Yataivia ndani bila kupoteza ladha kubwa. Tunda lililopasuka liliwe siku hiyo hiyo, kesho yake litakuwa na ukungu.

Kwa jaribio lako: siku moja baada ya mvua, hesabu matunda yaliyoiva na yaliyopasuka kwenye aina zote mbili. Rudia kwa mvua tatu. Ikiwa mpya inapasua theluthi ya matunda na ya zamani haipasui hata moja katika kumi, basi mpya panda chini ya paa la nailoni au msimu wa kiangazi, au uiache.

Nakaa ghorofani na nimepanda kwenye baraza. Pakiti haisemi kama nyanya hii ni fupi au ya kutambaa. Naogopa kukata machipukizi nikaua mavuno. (Msomaji, Nairobi)

Mmea wenyewe utakuambia, subiri vichala viwili vitoke. Hesabu majani kati ya kichala kimoja na kinachofuata. Yakiwa matatu mfululizo na ncha inaendelea kurefuka, hiyo ni ya kutambaa, itapita mita mbili. Yakiwa moja au mawili, kisha ncha yenyewe ikaishia kwenye kichala cha maua, ni fupi.

Fupi usiikate machipukizi. Matunda yake yako kwenye matawi hayo, ukiyaondoa umeondoa chakula. Ondoa tu majani yanayogusa udongo.

Ya kutambaa iachie shina moja, au mawili ukiwa na nafasi. Chipukizi la kukata ni lile linalotoka kwapani, pale jani linapokutana na shina. Likiwa na urefu wa kidole, lishike kwa vidole viwili, lipinde upande mmoja kisha mwingine, litavunjika lenyewe. Usichanganye na kichala: kichala hutoka kwenye shina tupu kati ya jani na jani, hakitoki kwapani. Fanya kazi hiyo asubuhi yenye jua ili kidonda kikauke, na nawa mikono kwa sabuni kabla, hasa kama umeshika sigara au ugoro, kwa kuwa virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwenye vidole. Funga shina kwa kitambaa laini kwenye kamba iliyoning'inizwa, fundo liwe legevu kiasi cha kupitisha kidole.

Jambo moja zaidi la ghorofani. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini linahitaji kutikiswa ili chavua ishuke. Huko chini kazi hiyo hufanywa na upepo na wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Kwenye baraza lililozibwa gongagonga kichala kwa kidole kila siku mbili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, chavua ikiwa kavu.

Hapa Muscat mmea umestawi, majani mazuri, maua tele, lakini yote yanaanguka. Tuko Mei. Nibadilishe mbolea? (Msomaji, Muscat)

Mbolea haina kosa. Shika ua lililo karibu kuanguka: katikati ya kikonyo chake kuna kifundo kidogo, na kifundo hicho kimegeuka njano. Mmea umeliacha ua kwa sababu halikuchavushwa. Mchana ukipita nyuzi 35 na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24, chavua inakufa, na kutikisa hakusaidii. Kwa Mei ya Muscat hakuna dawa ya nje ya nyumba.

Sia tena mwishoni mwa Agosti chini ya wavu wa kivuli, pandikiza mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba, na utachuma tangu Desemba hadi joto la Aprili. Hukumu ya mbegu iwe ya msimu huo. Wasomaji wa Dar es Salaam na Tanga nao wasiijaribu mbegu Januari na Februari wakailaumu: kusia mwishoni mwa Aprili na kupandikiza mwishoni mwa Mei huleta maua kwenye ubaridi wa Juni na Julai.

Ila kama kuna joto na mwenza ameshika matunda huku mpya ikipukutisha, hapo umejifunza kitu cha maana. Kiandike.

Pakiti inasema mbegu ina ukinzani, ikifuatiwa na herufi V, F, N na TYLCV. Mbona mche mmoja umenyauka ghafla na mingine ina viwavi ndani ya majani? (Msomaji, Kilosa)

Ukinzani si kinga ya kila kitu, ni kwa vimelea vilivyotajwa tu. V na F ni aina mbili za mnyauko unaoletwa na ukungu wa udongoni, N ni minyoo fundo, na TYLCV ni virusi vya majani kujikunja na kuwa njano, ule ugonjwa unaoitwa rasta, unaosambazwa na inzi weupe. Kwenye pakiti nyingi utaona pia HR, ukinzani wa juu, na IR, ukinzani wa kati. Mmea wenye IR huugua, ila kwa kiasi kidogo kuliko usio nao.

Mnyauko wa bakteria haumo kwenye orodha yako. Ili kuuthibitisha, kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na udongo, kitundike ndani ya glasi angavu ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji, na usiitikise. Baada ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye kidonda, ni bakteria. Ng'oa mche pamoja na udongo wote wa ndoo hiyo, usiutie kwenye mboji, na osha ndoo kwa dawa ya kufulia yenye klorini. Usiokoe udongo huo kwa ajili ya nyanya nyingine. Maji ya ndoo iliyougua yasitiririkie nyingine, kwa hiyo panga ndoo juu ya matofali.

Hao viwavi ni kantangaze (Tuta absoluta). Mashimo mapana meupe ndani ya jani yenye vinyesi vyeusi ni yao, na kwenye tunda huingilia karibu na kikonyo. Kwenye cheri tundu moja ni tunda zima limekwenda. Bana majani yenye alama kila siku mbili, yafunge kwenye mfuko mweusi uliowekwa juani siku tatu. Wavu wa matundu madogo na mtego wa harufu juu ya beseni la maji ya sabuni husaidia.

Ukinyunyiza dawa, soma kwanza siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya kubwa huweza kusubiri. Cheri huchumwa kila siku mbili au tatu, kwa hiyo dawa ya siku 7 maana yake ni kutupa machumo mawili au matatu. Mtu anayekula tunda moja kwa moja kutoka kwenye mti, na watoto hufanya hivyo, hana nafasi ya kukosea hapa. Dawa za bakteria wa Bt, wanaoua viwavi, zinafaa zaidi kwa bustani ya nyumbani. Zinyunyizie jioni, jua huziua. Chochote unachonyunyiza, nyunyiza aina zote mbili.

Nyumbani tumegawanyika. Mimi naona tungule mpya ni tamu zaidi, mume wangu anasema ni macho yangu tu kwa vile ni ya rangi ya chungwa. Tutaamuaje? Na mbegu zake nikizihifadhi, mwakani nitapata zile zile? (Msomaji, Unguja)

Dada, mume wako ana hoja, rangi hudanganya ulimi. Chuma tungule zilizoiva sawasawa, asubuhi moja, kutoka mimea isiyopungua mitatu ya kila aina. Zisiingie kwenye friji, baridi ya chini ya nyuzi 12 hudumaza harufu, na harufu ni nusu ya ladha. Mtu asiyeonja aziweke kwenye vibakuli viwili vilivyoandikwa moja na mbili. Waonjaji wafumbe macho, wale mbili za kila kibakuli, wanywe maji katikati, kila mmoja aandike jibu lake kabla ya yeyote kusema. Waulize mambo matatu: utamu, uchachu, na kama ganda limebaki mdomoni. Rudieni baada ya wiki mbili, maana tungule ya siku ya mawingu haina sukari ya ile ya siku za jua.

Ukiweza kuazima kipimo cha mkononi cha sukari ya matunda (refraktomita, si kile cha sukari ya damu), kamua tone moja kwenye kioo chake. Nyanya za kawaida husoma 4 hadi 6, cheri nzuri 7 hadi 10.

Kuhusu mbegu: kama pakiti imeandikwa F1, hutapata zile zile. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, na watoto wake watatawanyika, mmoja mtamu, mwingine mchachu, mwingine mkubwa, mwingine wa rangi nyingine. Ukipenda kuona kitakachotoka, panda michache pembeni, ila usiitegemee.

Kama pakiti haina F1 na ni aina ya kawaida, hifadhi. Kabla maua ya kichala hayajafunguka, kivishe mfuko wa chandarua ili chavua ya jirani isiingie, na uutikise kila siku. Matunda yakiiva kabisa, kamulia mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu hadi utando wa juu utokee, koroga, jaza maji, mwaga zinazoelea na suuza zilizozama. Anika kivulini juu ya sahani, usitumie karatasi kwa kuwa zitaganda. Zigeuze kwa kidole mara mbili kwa siku. Baada ya wiki moja, mbegu ukiipinda ikavunjika badala ya kukunjika, itie kwenye bahasha pamoja na jina la aina na mwaka.